Kozi Moja Mpya Hugusa Mtaala Mzima: Jinsi Idara ya Sayansi ya Kompyuta Inavyopanga Masomo

Pendekezo la kufungua kozi mpya halikosi watetezi. Wanafunzi wanauliza mbona hakuna somo la akili mnemba, waajiri wanalalamika kwamba wahitimu hawajui usalama wa mitandao, na mhadhiri aliyemaliza uzamivu juzi ana hamu ya kufundisha alichokifanyia utafiti. Kikao cha idara kinaafiki kwamba kozi inahitajika. Ugumu unaanza pale mtu mmoja anapouliza itakaa muhula gani, nani atakuwa anaifundisha miaka mitatu kutoka sasa, na nini kitoke ili yenyewe iingie.

Nataka tukae na maswali hayo, hasa la mwisho. Mtaala wa shahada ya kwanza una ukubwa usiotanuka. Mwanafunzi ana miaka mitatu au minne, na wiki yake haina saa za ziada zilizofichwa mahali. Kila kinachoongezwa kinachukua nafasi ya kingine, hata kama hakuna aliyekitaja kikaoni. Idara isipochagua cha kuondoa, wanafunzi watachagua wenyewe: wataruka zoezi hili, watanakili lile, watasoma nusu ya kitabu. Idara itakuja kujua walichokiacha mwaka wa mwisho, wakati wa mradi, na hapo muda wa kurekebisha umeshapita.

Yaliyomo yanatoka wapi

Hakuna idara inayolazimika kuanza na karatasi tupu. Chuo Kikuu cha Purdue kilifungua idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, ya kwanza nchini Marekani, na miaka sita baadaye chama cha wataalamu wa kompyuta, ACM, kilikuwa kimeshatoa mapendekezo ya mtaala wa shahada ya kwanza yanayojulikana kama Curriculum 68. Yakafuata ya 1978, 1991, 2001, 2013 na 2023. ACM iliungana na chama kingine cha wataalamu wa kompyuta, IEEE Computer Society, katika kazi hiyo, na katika toleo la 2023 chama cha watafiti wa akili mnemba, AAAI, nacho kikaingia. Majina CS1 na CS2, ambayo walimu wengi bado huyatumia kwa kozi mbili za mwanzo za kuandika programu, yanatokana na toleo la 1978.

Hati za karibuni hazitoi orodha ya kozi za kufuata. Zinagawa taaluma katika maeneo ya maarifa, 17 katika toleo la karibuni, na kueleza mada ambazo hakuna mhitimu anayepaswa kuzikosa. Toleo la 2013 liligawa kiini hicho katika ngazi mbili: saa 165 za darasani kwa mada ambazo kila programu ya shahada lazima izifundishe zote, na saa 143 kwa mada ambazo inapaswa kufundisha sehemu kubwa yake. Jumla ni saa 308. Ukichukua kozi yenye saa 40 za mihadhara, kiini chote kinaingia katika kozi zisizofika nane.

Watu wengi hushangaa wakiona hesabu hiyo, maana hoja inayosikika zaidi vikaoni ni kwamba mtaala umejaa na misingi haiguswi. Misingi ni kweli haiguswi, ila haijazi mtaala. Kinachojaza ni maamuzi ya idara yenyewe, mengine yaliyofanywa na watu waliostaafu zamani, kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka tena. Kujua hivyo kunampa nguvu anayepanga: sehemu kubwa ya mtaala ni chaguo, na chaguo linaweza kupitiwa upya.

Kati ya 2013 na 2023 kulitokea badiliko ambalo anayepanga kozi ya akili mnemba hawezi kulipita. Eneo la miundo ya diskriti, yaani mantiki, seti, kuhesabu mipangilio na grafu, lilipanuliwa likawa misingi ya hisabati na takwimu. Aljebra ya mstari, uwezekano na takwimu ziliingia humo. Maana yake ni kwamba kozi ya kisasa ya ujifunzaji wa mashine, tawi la akili mnemba ambamo programu hujifunza kutoka kwenye data, haiwezi kusimama peke yake. Inavuta hisabati nyuma yake, na hisabati hiyo lazima ipatiwe mahali kabla ya kozi yenyewe.

Mnyororo wa kozi tangulizi

Kozi za idara zikichorwa kwa duara, na mshale kutoka kila kozi tangulizi kwenda kozi inayoitegemea, picha inayotokea ni grafu yenye mwelekeo isiyo na mzunguko: ukifuata mishale, hurudi kamwe ulikoanzia. Kuipanga ili kila kozi ije baada ya zile inazozitegemea ni tatizo ambalo wanafunzi wenyewe hufundishwa kulitatua, na A. B. Kahn alichapisha njia yake mwaka 1962. Kwa hiyo kupata mpangilio halali ni rahisi. Kazi ipo katika kubana mpangilio huo uingie mihula sita au minane, kozi nyingi zikiwa zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Tuchukue kozi ya ujifunzaji wa mashine katika shahada ya mihula sita. Inahitaji kuandika programu na miundo ya data, ambazo ni muhula wa kwanza na wa pili. Inahitaji kalkulasi, muhula wa pili. Aljebra ya mstari iko muhula wa tatu. Uwezekano na takwimu, ambayo nayo inategemea kalkulasi, imewekwa muhula wa nne. Basi kozi yetu haiwezi kuanza kabla ya muhula wa tano. Na mradi wa mwisho unaanza muhula gani? Katika programu nyingi unaanza muhula huohuo wa tano na kuendelea hadi wa sita. Mwanafunzi anatakiwa kuandika pendekezo la mradi wiki za mwanzo, kabla hajafundishwa hata mada moja ya fani anayotaka kuifanyia kazi. Kozi imefunguliwa, imeandikwa kwenye mwongozo wa chuo, lakini inachelewa kwa wale waliokuwa na hamu nayo kuliko wote.

Suluhisho la haraka ni kusogeza uwezekano na takwimu hadi muhula wa tatu. Kalkulasi imeshapita, kwa hiyo kanuni inaruhusu. Lakini muhula wa tatu sasa una aljebra ya mstari, takwimu, algoriti, mifumo endeshi na usanifu wa kompyuta, na katika hizo mbili ni za hisabati nzito zinazotaka mazoezi kila wiki. Kitu kitoke. Tuseme mifumo endeshi inahamia muhula wa nne. Mitandao ya kompyuta, iliyokuwa muhula wa nne, inadai mifumo endeshi kwanza kwa sababu mazoezi yake yanatumia soketi na michakato, hivyo nayo inasogea hadi wa tano. Kozi ya hiari ya usalama wa mitandao inaihitaji mitandao, nayo inasukumwa hadi muhula wa mwisho. Isitoshe, aljebra ya mstari inafundishwa na idara ya hisabati, pamoja na wanafunzi wa uhandisi, saa ambazo idara ya kompyuta haina mamlaka nazo. Tulianza na kozi moja ya akili mnemba, na sasa tumebana usalama wa mitandao.

Ndiyo maana naamini kipengele cha kozi tangulizi, mstari mmoja tu kwenye fomu ya kuombea kozi, kinastahili muda mwingi kuliko vingine vyote. Mara nyingi hujazwa kwa mazoea: anayeandika anaweka kozi tatu nzito ili apate wanafunzi walioiva. Kila kozi anayoitaja inarefusha mnyororo, na mnyororo mrefu unaumiza zaidi wanaojikwaa. Anayefeli kalkulasi muhula wa pili, katika chuo kinachoirudia mwaka unaofuata, atachelewa takwimu mwaka mzima, na kwa kuchelewa takwimu atakosa kozi nyingine mbili mbele yake. Somo moja limekula mwaka wa maisha yake.

Dawa ninayoipendekeza ni ya kazi ya mkono. Mwandishi wa kozi aorodheshe wiki zote 14, na mbele ya kila wiki aandike kitu halisi ambacho mwanafunzi lazima awe anakijua ili afuate somo la siku hiyo. Kitu, si jina la kozi. Wiki ya pili, kuzidisha matriki. Wiki ya tatu, derivativu kwa kigezo kimoja vingine vikiwa vimetulia. Wiki ya tano, uwezekano wenye masharti na kanuni ya Bayes. Orodha ikikamilika, mara nyingi unakuta kwamba kutoka kozi nzima ya aljebra ya mstari kinachohitajika mapema ni sehemu ndogo, na kwamba wiki mbili za maandalizi ndani ya kozi yenyewe zingetosha kulegeza sharti moja. Mara nyingine unakuta kinyume chake: sharti limeandikwa, wanafunzi wote wamefaulu, lakini mada inayohitajika iliachwa kwa sababu muhula ulikuwa mfupi. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kiko sawa.

Anza na kile mhitimu wa kozi ataweza kufanya

Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake walichapisha uainishaji wa malengo ya elimu, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na mwaka 1996 John Biggs akaeleza kanuni ambayo sasa iko katika miongozo ya vyuo vingi: malengo, ufundishaji na upimaji lazima vielekee upande mmoja. Wahadhiri wengi huiona sehemu hii ya fomu kuwa urasimu. Mimi naiona kuwa sehemu inayookoa kozi, mradi iandikwe kwa ukweli.

Tazama lengo hili la kozi ya usalama: "Mwanafunzi ataelewa usalama wa programu za tovuti." Hakuna anayeweza kulipinga, wala anayeweza kulipima. Sasa liandikwe hivi: "Akipewa programu ndogo ya tovuti yenye hitilafu, mwanafunzi ataonyesha jinsi amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) inavyoweza kupenyezwa kupitia fomu ya kuingilia, ataeleza kwa nini inawezekana, na atarekebisha msimbo ili isiwezekane tena."

Sentensi hiyo moja imeshapanga nusu ya kozi. Mwanafunzi lazima awe ameshakutana na SQL, kwa hiyo hifadhidata ni kozi tangulizi, na sababu yake inaonekana. Inahitajika maabara iliyotengwa na mtandao wa chuo, kwa sababu mazoezi ya kushambulia hayafanywi kwenye mfumo wa mtu mwingine. Hapo hapo inahitajika saa moja ya sheria na maadili, kabla ya zoezi la kwanza na wala si wiki ya mwisho. Mtihani wa maandishi hautoshi kupima lengo hilo. Patakuwa na mtihani wa maabara, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Kama chuo kina kompyuta 40 na kozi ina wanafunzi 160, mtihani utakuwa wa awamu nne na maswali ya aina nne. Mambo hayo yote ni bora yajulikane wakati wa kupanga kuliko wiki ya 12.

Saa za mwanafunzi

Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni kazi ya mwanafunzi ya saa 25 hadi 30. Mifumo mingine inahesabu tofauti, lakini hoja ni ileile: krediti ni ahadi kuhusu muda wa mwanafunzi, si wa mhadhiri. Kozi ya krediti 6 ni saa 150 kwa kipimo cha chini. Wiki 14 zenye saa 4 za darasa na maabara zinachukua 56. Weka saa 24 kwa kujiandaa na mtihani na kuufanya. Zinabaki 70, yaani saa 5 kwa wiki za kusoma, kufanya mazoezi na kuandika programu. Kozi tano za namna hiyo kwa muhula zinafikisha wiki ya kazi ya saa 45.

Kwa sayansi ya kompyuta hesabu hii ina mtego wake. Saa za kusoma sura ya kitabu zinakadirika. Saa za kuandika programu hazikadiriki hivyo. Mwanafunzi mmoja anamaliza zoezi jioni moja, jirani yake anatafuta hitilafu moja siku nne, na wote wawili wana uwezo wa kufaulu. Mhadhiri anayetunga zoezi huku akijua jibu anaona kazi ya saa mbili. Kozi mpya ndizo zenye hatari kubwa zaidi, maana mazoezi yake hayajajaribiwa na yeyote. Mkufunzi msaidizi ambaye hakushiriki kuyatunga na ayafanye yote tangu mwanzo, akiweka saa pembeni, kabla muhula haujaanza.

Lugha, zana, na vinavyodumu

Mjadala wa lugha ya kwanza ya kuprogramu huwasha moto idara yoyote. Historia yake ni ya kuhamahama. Mtihani wa sayansi ya kompyuta wa AP (Advanced Placement, masomo ya ngazi ya chuo) kwa shule za sekondari Marekani ulianza na Pascal mwaka 1984, ukaenda C++ mwaka 1999, kisha Java kuanzia mwaka wa masomo wa 2003 na 2004. Vyuo vingi sasa vinaanza na Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na kukaa miaka mingi kabla ya kutawala madarasa ya mwanzo.

Linalosahaulika ni athari kwa kozi za mbele. Anayeanza na Python anafika mapema kwenye programu zenye kazi ya maana, na hilo ni jema. Lakini anafika kozi ya mifumo endeshi akiwa hajawahi kuomba kumbukumbu na kuirudisha, wala kuona pointa, yaani anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu. Mhadhiri wa mifumo endeshi atalazimika kufundisha lugha ya C kwa wiki tatu ambazo hazimo katika muhtasari wake, na mada tatu za mwisho zitakatwa kimyakimya. Idara inayobadilisha lugha ya kwanza inapaswa kuamua siku hiyohiyo nani atafundisha C, wapi, na kwa saa ngapi.

Upande wa pili, kuna vitu visivyozeeka. Algoriti ya Dijkstra ya njia fupi ilichapishwa mwaka 1959. Modeli ya uhusiano ya hifadhidata, ya Edgar Codd, ni ya 1970. Makala ya Vint Cerf na Bob Kahn iliyoweka msingi wa TCP, kanuni ya kusafirisha data kwenye intaneti, ni ya 1974. Yote yanafundishwa leo na yanatumika leo. Zana zilizowazunguka zimekuja na kuondoka mara nyingi. Kwa hiyo kozi isipewe jina la zana ya kampuni. "Mifumo iliyosambazwa" itabaki na maana miaka kumi ijayo. Jina la huduma fulani ya wingu linaweza kufa kabla ya kundi la kwanza kuhitimu.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hakuna idara inayoweza kuyasubiri yatulie. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, zoezi la kwenda nalo nyumbani halithibitishi tena kwamba mwanafunzi aliyelileta ndiye aliyeliandika, na mazoezi ya kozi za mwanzo ndiyo ambayo mashine inayafanya vizuri kuliko yote. Sikubaliani na wanaotaka kozi hizo zifutwe. Mtu asiyeweza kuandika mzunguko wa mistari kumi hawezi kujua kama mistari mia aliyopewa na mashine ni sahihi. Ninachoona kinahitajika ni uzito wa alama kuhamia kwenye yanayofanyika mbele ya mwalimu: mtihani wa maabara, maelezo ya mdomo ya dakika kumi juu ya msimbo aliouwasilisha mwanafunzi, kusoma msimbo wa mtu mwingine na kuonyesha unapovunjika. Hayo yana gharama. Dakika kumi kwa wanafunzi 120 ni saa 20 za mwalimu kwa kila awamu, na lazima ziingie kwenye mpango wa kozi.

Kuhusu maadili nitasema kifupi. Kuna wanaotaka kozi moja ya pekee, na kuna wanaotaka mada hizo zisambazwe. Harvard ilianza mwaka 2017 mradi wa Embedded EthiCS, ambamo wanafalsafa huingia ndani ya kozi za kawaida za kompyuta na kufundisha suala la maadili linalohusu mada ya kozi hiyo. Napendelea njia hiyo, kwa sababu swali la upendeleo katika data linaeleweka vizuri zaidi siku ambayo data iko mezani.

Nani atafundisha, na kwa nguvu gani

Kozi nyingi mpya huzaliwa na mtu mmoja na hufa naye. Anapata likizo ya utafiti au anahamia chuo kingine, kozi inabaki kwenye mwongozo bila mwalimu, na wanafunzi waliojiunga kwa ajili yake wanajiona wamedanganywa. Kabla ya kuidhinisha, idara idai jina la pili: mtu mwingine anayeweza kuishika, ambaye atahudhuria mihadhara ya mwaka wa kwanza au kufundisha wiki tatu kati yake. Vifaa navyo viwe katika hifadhi ya pamoja ya idara, visiwe kwenye kompyuta ya mtu binafsi.

Kisha ifanywe hesabu ya usahihishaji. Wanafunzi 200, kazi tano, dakika 20 kila moja: dakika 20,000, au saa 333. Ni zaidi ya wiki nane za mtu anayefanya kazi saa 40 bila kufanya kingine. Kozi ya hiari iliyopangwa kwa watu 25 inaweza kupata 200 ikiwa mada yake iko midomoni mwa watu, na bila kikomo cha uandikishaji au wasaidizi walioajiriwa mapema, kazi tano zitageuka mbili na moja itapimwa na programu peke yake.

Ratiba ni jambo la watu wa utawala, lakini inaweza kuvunja mpango mzuri. Kila kozi ya hiari inayoongezwa inaongeza jozi za kozi zisizoweza kuwekwa saa moja, na tangu 1976, Even, Itai na Shamir walipothibitisha kwamba kupanga ratiba za masomo ni tatizo la NP-kamilifu, inajulikana kuwa hakuna njia ya haraka iliyopo yenye uhakika wa kupata jibu kila mara. Basi aulizwe mpanga ratiba kabla ya kutangaza kwamba mwanafunzi anaweza kuchukua kozi yoyote na yoyote.

Idhini yenyewe hupanda ngazi: idara, kitivo, seneti, na katika nchi nyingi mamlaka ya ithibati. Safari hiyo inaweza kuzidi mwaka. Ndiyo sababu hati inayoidhinishwa ibebe malengo na misingi, na majina ya zana yaachwe kwa muhtasari wa kila muhula ambao mhadhiri anaweza kuubadilisha bila kuomba kibali. Vyuo vingi vina kozi ya mada maalumu, yenye namba moja na maudhui yanayobadilika. Hapo ndipo mahali pa kujaribia kozi mpya mara moja au mbili kabla ya kuipa namba yake.

Nini kitoke

Tumerudi kwenye swali ambalo watu hulikwepa, kwa sababu kila kozi ina mwenyewe aliyekaa kikaoni. Njia inayopunguza ugomvi ni kuacha kujadili kozi na kujadili mada. Chora jedwali: mada upande mmoja, kozi zote upande wa pili. Kila mhadhiri ajaze visanduku vyake kwa herufi tatu tu, A kama mada inaanzishwa kwake, T kama inatumika, P kama inapimwa.

Jedwali likijaa, yanaonekana mambo ambayo hakuna mtu mmoja aliyekuwa akiyaona. Funksheni inayojiita yenyewe ina A tatu: kozi ya pili ya programu, miundo ya data na algoriti, kila moja ikianza upya kwa wiki mbili kwa kuwa mhadhiri wake haamini kwamba ilifundishwa. Kutunza matoleo ya msimbo kwa Git kuna T katika kozi nne na hakuna A hata moja; kila mmoja alidhani mwenzake ameshafundisha. Mada nyingine ina A na T bila P popote, na wanafunzi wameshagundua hilo zamani.

Ukiondoa A mbili za ziada katika mada tatu za namna hiyo, kwa wiki mbili kila moja, umepata wiki 12, karibu muhula mzima wa kozi moja, bila kufuta somo la mtu yeyote. Hazikusanyiki zenyewe mahali pamoja, na ndipo penye kazi ya kamati: kuhamisha mada, kuunganisha kozi mbili nyembamba, kumhakikishia mwalimu wa algoriti kwamba wanafunzi watafika wakijua, na kumpa haki ya kudai hivyo. Lakini nafasi ipo, na mara nyingi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Mtaala ukibadilika, wapo wanafunzi waliojiunga chini ya ule wa zamani na wana haki ya kuumaliza. Kwa miaka miwili au mitatu idara itafundisha kozi za pande zote mbili, na anayerudia mwaka atajikuta katikati. Jedwali la kozi zinazolingana, ya zamani kwa mpya, liandikwe na kuidhinishwa pamoja na mtaala wenyewe. Likiachwa, kila kesi itaamuliwa dirishani kwa karani, na wawili wenye hali moja watapata majibu mawili.

Kozi ikishafundishwa mara ya kwanza, fomu za maoni za wanafunzi zitakusanywa mwishoni mwa muhula. Zinasaidia kujua kama kasi ilikuwa kubwa na kama mazoezi yalieleweka. Kama kozi imefanya kazi yake, anayejua ni mwalimu wa kozi inayoifuata. Apewe jaribio fupi lisilo na alama la wiki ya kwanza, maswali sita juu ya vitu vile vilivyoorodheshwa wiki kwa wiki, na majibu yawekwe pembeni ya majibu ya kundi lililopita, lile ambalo halikuipata kozi mpya. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo ya kupeleka kwenye kikao kijacho cha idara, pamoja na orodha ya vilivyoondolewa na majina ya kozi ambazo zimeanza kulalamika kuvikosa.